Darasa Ambalo Kavugho Alikataa Lifungwe

Kavugho hakuwa mtu wa maneno mengi, na wenzake kazini, kwenye nyumba ya wazee kule Westerville, walidhani ni mpole tu. Mumewe Balagizi hakuwa na dhana hiyo. "Yule," alikuwa akiwaambia rafiki zake, "akinyamaza, ujue ameshaamua."

Walipanga nyumba Columbus, mtaa wa Northland, karibu na barabara ya Morse, kwenye majengo ya ghorofa mbili ambayo chini yake kulikuwa na duka la Wasomali lililouza unga wa mhogo, sombe, yaani kisamvu, ya barafu na samaki wakavu. Balagizi alikuwa Mshi wa Bukavu. Kavugho alikuwa Mnande wa upande wa Beni. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake vya kutosha kugombana, kwa hiyo waligombana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kiswahili, na watoto wao wawili, Alliance wa miaka kumi na sita na mdogo wake Gaël, wakawa wanawajibu kwa Kiingereza.

Amerika ilikuwa imewapokea kwanza Buffalo, mtaa wa Lower West Side, ambako mama yake Balagizi alikuwa ametangulia pamoja na kaka mkubwa, Cikuru. Mama huyo watu wote walimwita Mama Cikuru, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Baadaye Balagizi alisikia kwamba Columbus kuna depo za mizigo zinazoajiri bila kuuliza sana Kiingereza, wakahama. Yeye akaingia depo ya nguo, Kavugho akaingia kazi ya kuwaogesha wazee, kuwalisha na kuwageuza kitandani wasipate vidonda.

Kazi hiyo aliifanya vizuri, lakini haikuwa mwisho wa safari yake. Alitaka kuwa muuguzi, na alijua sababu. Dada yake mkubwa, Masika, alikufa akijifungua kambini Uganda, mikononi mwa jirani ambaye nia alikuwa nayo lakini ujuzi hakuwa nao. Kavugho ndiye aliyeshika taa. Aliona kila kitu na hakuelewa chochote, na ule usiku wa kutoelewa haukumtoka.

Sasa, shule na Kavugho walikuwa na historia yao. Ya kwanza ilifungwa akiwa bado msichana mdogo, kule kwao, siku watu wenye bunduki walipopita kijijini na wakimbizi wakajaa madarasani. Ya pili ilikuwa sekondari ya kambini. Alisoma pale kwa bidii mpaka siku mkuu wa shule alipowakusanya uwanjani na kuwasomea kwamba wafadhili wamepungukiwa, na masomo ya sekondari yanasitishwa kwa muda. Kavugho alitunza sare yake, akaifua, akaikunja, akasubiri. Aliolewa akiwa bado anasubiri. Sare akaja kumpa mtoto wa jirani.

Kwa hiyo alipofika Columbus alianza upya kama mtu anayepanda mlima kwa magoti. Alisoma Kiingereza, akafanya mtihani wa watu wazima wa kumaliza sekondari, akashindwa, akaurudia, akaushinda. Akasoma kemia na viungo vya mwili. Baada ya miaka mingi ya namna hiyo alipata barua kutoka chuo kikuu cha umma cha pale mjini: amekubaliwa katika darasa la jioni la uuguzi, lililoanzishwa kwa ajili ya watu wanaofanya kazi mchana.

Darasa lilikuwa dogo. Kulikuwa na mama wa Kinepali aliyeshona mapazia kiwandani, baba mmoja Mmarekani aliyekuwa dereva wa gari la wagonjwa, na kijana aitwaye Cyubahiro, mtu wa milima ya Kivu ya Kusini, aliyetoka kiwanda cha vipuri vya magari moja kwa moja hadi darasani bila kubadilisha viatu. Mwalimu wao, Profesa Farkas, alikuwa mama wa makamo aliyewahi kuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji. Hakumwonea mtu huruma, na hakumchoka mtu. Kavugho alimpenda kwa yote mawili.

Walikuwa nusu ya safari wakati barua pepe ilipokuja, mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado inang'ang'ania pembeni mwa barabara. Rais wa chuo alialika watu wote kwenye mkutano wa wazi kuhusu hali ya bajeti na mtazamo wa miaka ijayo. Chini kabisa, baada ya aya nyingi zenye maneno laini, kulikuwa na mistari michache iliyotaja programu zilizopendekezwa kusitishwa kwa muda. Darasa la jioni la uuguzi lilikuwa mojawapo.

Kavugho aliisoma kwenye simu akiwa amesimama kituo cha basi. Akairudia. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, lakini aliyasikia kwa sauti ya yule mkuu wa shule wa kambini. Basi likaja, likafungua mlango, likaondoka bila yeye.

Siku ya mkutano aliomba ruhusa kazini, akaenda na Cyubahiro. Ukumbi ulikuwa umejaa nusu. Mtu aliyesimama mbele alikuwa makamu wa rais wa chuo anayeshughulikia fedha, Bwana Whitlock, mrefu, mwenye sauti ya mtu ambaye hajalala vizuri. Alieleza bila kupaka mafuta. Fedha za jimbo zimesimama palepale ilhali bei zinapanda. Vijana wanaomaliza sekondari wanapungua. Wanafunzi wa kutoka nje, waliokuwa wakilipa karo kamili, wengine wamekosa viza na wengine wameogopa kuja. Misaada ya utafiti kutoka serikali kuu imekatwa njiani. Na karo haiwezi kupandishwa hovyo, kwa sababu jimbo limeweka kikomo.

"Tukibaki tulivyo," alisema, "tutakula akiba mpaka iishe, kisha tutafunga vitu vingi zaidi kwa haraka zaidi."

Kavugho alimsikiliza kwa makini akitafuta uongo, asiuone. Hilo lilimsumbua zaidi. Angekuwa mwongo, angemkasirikia na kupata nguvu. Wakati wa maswali ulipofika aliinua mkono, akasimama.

"Mmeandika mnasitisha kwa muda," alisema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Muda huo una mwisho?"

"Sijui," akasema Bwana Whitlock. "Nikikwambia ndiyo nitakuwa nakudanganya. Programu nyingi zinazositishwa hazirudi."

"Na sisi tulio ndani?"

"Mtapewa nafasi katika darasa la mchana."

"Mchana tunafanya kazi. Ndiyo maana tuko la jioni."

"Najua, mama," alisema, na ilionekana anajua kweli.

Kavugho alikaa. Cyubahiro alimnong'oneza, "Basi, dada, imeisha. Twende." Lakini Kavugho hakuondoka. Mkutano ulipomalizika alimsubiri Bwana Whitlock mlangoni, Profesa Farkas naye akaja kusimama karibu.

"Shule imefungwa mbele yangu mara mbili," Kavugho alimwambia. "Sikuuliza kitu, nilikuwa mtoto. Leo nauliza. Ni kitu gani hasa kinachowashinda?"

Alikuwa tayari kwa jibu la kumfukuza. Hakulipata. Bwana Whitlock alimtazama Farkas, akamrudia yeye. "Mafunzo ya vitendo," alisema. "Walimu wa darasani tunao. Lakini kila kikundi kidogo cha wanafunzi kinapokwenda kwa wagonjwa lazima kiwe na muuguzi mwenye shahada ya juu anayekisimamia. Nyakati za jioni na wikendi watu hao ni adimu na ni ghali. Kulikuwa na ruzuku iliyowalipa. Imekwisha."

"Akipatikana mtu wa kuubeba mzigo huo?"

"Basi nitapeleka hesabu mpya mbele ya bodi mwezi wa sita. Siahidi zaidi ya hapo."

"Sikuomba zaidi ya hapo," alisema Kavugho.

Wiki hiyohiyo Balagizi alikuja nyumbani na uso unaong'aa. Masumbuko, mdogo wake Kavugho, aliyekuwa akiishi Louisville, alikuwa amepiga simu. Depo ya vifurushi alikofanya kazi ilikuwa inatafuta wasimamizi, na jina la shemeji yake alikuwa ameshalipeleka.

"Chef d'équipe, Mama Alliance," Balagizi alisema. "Miaka yote hii nabeba makartoni, leo banataka nikuwe chef. Na nyumba kule zina bei yenye batu banaweza."

Kavugho alifurahi kwa ajili yake, kweli kabisa, kisha akaikumbuka barua pepe ya chuo. Jumamosi walikwenda Louisville wote wanne. Masumbuko aliwapeleka kuona nyumba iliyokuwa tupu karibu na kwake, yenye ua nyuma na mti wa mapera ya Kizungu, na shule ya Gaël ng'ambo ya barabara tu. Gaël alikimbia uani mpaka akapoteza kofia. Hata Alliance, ambaye hakupenda kitu, alipanda ghorofani akachagua chumba.

"Dada, hapa mtapumua," Masumbuko alimwambia. "Kusoma utasoma. Hata Louisville kuna vyuo."

Kavugho alikuwa ameshapiga simu chuo cha kule. Mama mmoja mpole alimweleza kwamba masomo ya vitabu yangekubaliwa mengi, lakini ya uuguzi wenyewe angeanza tena mwanzo, na orodha ya wanaongoja ilikuwa ndefu.

Njiani kurudi, watoto wakiwa wamelala nyuma, Balagizi ndiye aliyeanza.

"Bon. Unasemaje?"

"Nyumba ni nzuri."

"Donc, kwa hiyo?"

"Donc mi sihami kabla ya kujua bodi inasema nini."

Balagizi alishika usukani kwa nguvu. "Chuo chenyewe kimekuacha, Mama Alliance. Wewe unakishikilia juu ya nini? Mi pia niko na umri. Ile nafasi hairudi."

"Najua hairudi. Yangu pia."

Hawakusema tena mpaka Cincinnati ikabaki nyuma, na hata baada ya hapo walichosema ni kuhusu petroli.

Jambo kama hilo, kwao, halikuwa la watu wawili. Pasaka walikwenda Buffalo, na baada ya misa na chakula Cikuru, kama mkubwa wa nyumba, aliwaita wote sebuleni. Chumba kilikuwa na joto, na madirisha yakitoka jasho. Cikuru alisema kwa heshima, maana alikuwa mtu mwenye heshima, lakini alisema waziwazi: Mungu amemfungulia Balagizi mlango, nyumba haiwezi kuwa na vichwa viwili, mke amfuate mume wake Louisville, na mambo ya masomo Mungu atayafungulia wakati wake.

Kavugho alitazama mikono yake. Alijua akijibu shemeji mbele ya watu atahesabiwa mkaidi, na akinyamaza atahesabiwa amekubali. Alikuwa anatafuta maneno ya katikati wakati Mama Cikuru, aliyekuwa akikusanya sahani za sombe, alipoziweka chini tena.

"Kavugho. Kumebakia nini ya masomo yako?"

"Mwaka na nusu, Mama."

"Na kisha utakuwa unaweza kusaidia mwanamuke mwenye anazaa? Si kumushikia mukono tu. Kumusaidia."

"Nitakuwa na mwanzo wa ujuzi, Mama. Ndiyo."

Mama mkwe alikaa. Alikuwa mwanamke mfupi, mzito wa mwili, ambaye mwanawe Cikuru alirithi kwake sauti isiyopandishwa. "Mimi nilizaa batoto munane," alisema, akiwatazama wanawe. "Balibaki batatu. Hamukuniuliza hata siku moja bale batano balikufa na nini. Mi pia sijui. Hakukuwa mutu wa kuniambia."

Watoto waliokuwa wakicheza simu waliinua macho.

"Balagizi aende Louisville afanye kazi yake, hakuna mutu anamukataza," aliendelea. "Ku wikendi arudie muke yake. Kavugho abakie na masomo. Mi nitaenda Columbus, nikae na batoto."

"Mama, na miguu yako?" Cikuru aliuliza.

"Miguu itaenda na mimi."

Balagizi alicheka kwanza, kicheko cha mtu aliyeshindwa na asiyejua kama amekasirika. Asubuhi, wakifunga mizigo, alimwambia mkewe: "Nitajaribu miezi. Nikishindwa, nitakuambia, usinilaumu." Kavugho alimwambia hatamlaumu.

Basi Kavugho alijifunga kibwebwe. Yeye, Cyubahiro na Profesa Farkas waligawana mji. Farkas alizipigia simu hospitali alizokuwa na marafiki. Cyubahiro aliandika barua, akiziandika upya kila zilipokosewa. Kavugho alikwenda kwa miguu yake mwenyewe kwenye nyumba za wazee, akiwa na nguo za kazini, akiomba kuonana na wakubwa. Hospitali nyingi zilikataa kwa adabu. Nazo zilikuwa na bajeti zao, na bajeti zao zilikuwa zinakatwa. Hatimaye moja, ya upande wa mashariki, ilikubali kuwapokea Jumamosi asubuhi kwa masomo ya uzazi na kuwapa msimamizi, kwa sababu mkuu wa wodi aliwahi kufundishwa na Farkas na bado anamwogopa. Hiyo ilikuwa sehemu moja. Sehemu kubwa ilikuwa bado.

Palikuwa na mlango mmoja ambao Kavugho aliuzunguka: wa kwake mwenyewe. Msimamizi wa nyumba ya wazee ya Westerville, Bi Oyler, alikuwa mtu wa haki lakini mkali wa ratiba, na Kavugho alihofu kwamba akijua yupo mbioni kuondoka kwenye kazi ya kuogesha wazee, atapunguziwa saa. Alizunguka mwezi mzima. Kisha siku moja mwisho wa shifti alivua glavu, akanawa, akagonga.

Bi Oyler alimsikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo unaniomba muuguzi wangu mkuu awasimamie wanafunzi jioni, kwa mshahara wangu," alisema. "Mimi napata nini?"

"Wauguzi," alisema Kavugho. "Kila mwezi unaleta wa kukodi. Wanakuja, wanaondoka, wazee wanaogopa sura mpya. Sisi wazee wanatujua."

Bi Oyler hakusema ndiyo wala hapana. Alikwenda kwa wenye mali, na baada ya wiki mbili alimwita. Wamekubali. Lakini kila mwanafunzi atakayefundishwa hapo atie sahihi kwamba akipata leseni atafanya kazi kwao miaka miwili. Asipotaka, aseme sasa.

Kavugho aliomba siku moja. Alikwenda akakaa ofisini kwa Profesa Farkas.

"Nilisoma kwa ajili ya wanawake wanaozaa," alisema. "Nitakapomaliza, nitakaa miaka miwili bila kuwagusa."

"Huna lazima," Farkas alimwambia. "Hakuna atakayekulaumu. Unaweza kungoja nafasi mahali pengine."

"Kungoja nimengoja." Kavugho hakuwa analia, ila pua ilikuwa imeziba. "Miaka miwili nikifanya kazi, nahesabu. Miaka miwili nikingoja, sijui itakuwa mingapi. Nitatia sahihi."

Akatia. Cyubahiro akatia, na yule mama wa Kinepali, na wengine. Dereva wa gari la wagonjwa alikataa, akahamia kwingine, na hakuna aliyemsema vibaya.

Mwezi wa sita bodi ya wadhamini ilikaa. Bwana Whitlock alisimama na hesabu mpya kama alivyosema, akazieleza kwa sauti ileile isiyo na chumvi. Kisha mwenyekiti akatoa nafasi kwa umma. Kavugho alikuwa amejiandaa maneno mengi, na Alliance alikuwa amemsahihishia Kiingereza jikoni kwa siku kadhaa, akisema "hapana, Mama" mpaka Mama Cikuru akamwamuru anyamaze. Alipofika kwenye kipaza sauti alisema kidogo kuliko alivyopanga. Alisema yeye ni nani na anafanya kazi gani. Alisema chuo kikuu cha umma ni cha watu wa jimbo hili, na yeye sasa ni mtu wa jimbo hili: analipa kodi, anaogesha wazazi wao. Alisema hakuja kuomba wasahau hesabu. Kilichokosekana wanafunzi wamekitafuta, na kipo kwenye karatasi mbele yao.

"Tuacheni tumalize," alisema, akarudi kukaa.

Mjumbe mmoja aliuliza kama mkataba wa nyumba ya wazee unaweza kuvunjika katikati. Mwingine aliuliza kuhusu bima. Walibishana kwa muda mrefu juu ya bima. Kisha wakapiga kura: waliomo ndani wataendelea hadi mwisho. Wapya hawatapokelewa mpaka bajeti ya jimbo inayofuata ijulikane.

Cyubahiro alimshika bega kwa furaha. Kavugho alifurahi pia, lakini macho yake yalikuwa kwa wasichana wawili waliokaa safu ya nyuma, waliokuwa wametuma maombi ya mwaka ule. Waliinuka bila kelele, wakatoka. Aliwafuata hadi nje, akachukua namba zao za simu. Hakuwa na la kuwaahidi, na hakuwaahidi.

Mwaka uliofuata ulikuwa mgumu, nisikufiche. Mama Cikuru alikuwa ameshahamia na masufuria yake tangu mwezi wa tano, akalala chumba kimoja na Alliance, na wiki ya kwanza wote wawili walilalamika. Alimfundisha Gaël kuomba chakula kwa Kiswahili, la sivyo hapati. Gaël alijifunza upesi. Balagizi alikuja Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili baada ya ibada, macho mekundu kwa barabara. Kavugho alikwenda kazini asubuhi, darasani jioni, hospitali Jumamosi. Katika somo la dawa alifeli mtihani wa kwanza wa vipimo, akakaa ndani ya gari akiwa ameshika karatasi ile, akafikiri kwamba labda Cikuru alisema kweli. Kisha akaingia ndani akampa Alliance kitabu.

"Niulize," alimwambia.

"Yote?" Alliance aliuliza kwa Kiingereza.

"Yote."

Mtoto alimuuliza jioni baada ya jioni, mpaka akaanza yeye mwenyewe kuyajua majina ya dawa. Mtihani wa pili Kavugho alipita.

Jumamosi moja ya masika, hospitalini, mama kijana alianza kutokwa damu baada ya kujifungua. Kavugho ndiye aliyekuwa karibu. Alibonyeza kengele, akaweka mkono pale alipofundishwa kuuweka, akalikanda tumbo kwa nguvu, akimwambia msimamizi kila alichokiona kwa sauti iliyotulia. Watu walikuja mbio na kazi ikaendelea mikononi mwa waliojua zaidi. Damu ilipungua, ikakoma. Mama yule aliomba maji. Kavugho alimletea, kisha akaenda chooni akajifungia, akalia kwa ajili ya Masika kama ambavyo hakuwa amelia tangu kambini. Alipomaliza alinawa uso akarudi wodini, maana shifti ilikuwa haijaisha.

Balagizi hakudumu kule Louisville. Mwishoni mwa kiangazi alisema barabara imemshinda, na kitanda cha Masumbuko kimemuumiza mgongo. Aliacha uchef, akarudi depo ya Columbus kwa kazi ya kawaida. Alisema hajuti. Kavugho alijua anajuta kidogo, na kwa wiki nyingi alimpikia vile alivyopenda bila kutaja sababu. Walipozungumza hatimaye, Balagizi alisema, "Wewe umefungwa miaka miwili kwa bazee, mi nimepoteza uchef. Bon, tuko sawa." Wakacheka, na safari hii kilikuwa kicheko cha kweli.

Alimaliza Desemba. Leseni ilikuja baada ya Krismasi, na Bi Oyler akampa ufunguo wa kabati la dawa na wazee wa upande mzima wa jengo. Mama Cikuru alingoja mpaka alipomwona amevaa sare mpya akienda kazini kama muuguzi, kisha akasema miguu yake inataka Buffalo.

Wote walimsindikiza kituo cha mabasi. Gaël alibeba sufuria moja ambayo bibi alikataa kuiacha. Kavugho alimshika mama mkwe mikono yote miwili.

"Aksanti, Mama," alisema tu.

"Aksanti ya nini? Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hapana. Uliniambia bale basichana babili bangali banangojea simu yako." Mama Cikuru alipanda ngazi ya basi pole pole, mguu mmoja kisha mwingine. "Basi usikae."

Darasa la jioni lilikuwa bado halijafunguliwa kwa wapya; bajeti ya jimbo ilikuwa inajadiliwa, na Bwana Whitlock alikuwa amesema kwa kawaida yake kwamba hajui. Lakini alikuwa amesema pia kwamba wakipatikana wasimamizi wa vitendo wa mwaka mzima, atarudi mbele ya bodi. Kavugho aliwapeleka watoto nyumbani, akambusu Balagizi, akaenda kumchukua Profesa Farkas. Saa nane walikuwa na miadi kwenye nyumba nyingine ya wazee, na Farkas alikuwa ameshamwonya kwamba mkubwa wa pale ni mgumu kuliko Bi Oyler.

"Tutaona," alisema Kavugho, akawasha gari.